Ekra ya pili si pambo la bosi: igeuzeni, tuone majina yetu

Leo ninaleta maneno juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona ofisini bila kukitilia maanani: ekra mbili juu ya meza moja. Ekra ndiyo kile kioo cha kompyuta. Wengine huita skrini. Hapa Bunia unaingia ofisi fulani, unakuta vioo viwili, wakati mwingine vitatu, na vyote vimemgeukia mkubwa wa ofisi. Sisi raia tuliokaa upande huu wa meza tunatazama migongo ya vioo na nyaya. Ninasema mpangilio huo ni mbaya. Na ninasema kuurekebisha hakuhitaji mradi, wala dola, wala mtaalamu wa kupanda ndege kutoka Kinshasa. Kunahitaji programu ndogo ya bure na nia njema.

Msikilizaji ataniuliza: wewe mwanahabari, watu wanalala chini ya bashi, unga umepanda bei, na wewe unatuletea habari za vioo vya kompyuta? Ndiyo, ninawaletea. Kwa sababu unga huo, siku unapogawanywa, unagawanywa kufuatana na listi. Na listi inatoka ndani ya kompyuta.

Herufi moja tu

Sisi Wakongomani tuna majina matatu. Tangu mwaka 1972, Mobutu alipotaka watu waache majina ya kizungu, tulizoea kuwa na jina na postinomu. Baadaye prenomu nayo ikarudi. Basi mtu mmoja ana majina matatu, na kila mwandikishaji anayapanga kwa desturi yake: huyu anaanza na prenomu, yule anaanza na jina, mwingine anaacha postinomu kwa sababu nafasi haitoshi.

Halafu kuna herufi zenyewe. Ndjabu anaandikwa Njabu. Ngabu anaandikwa Ngabo. Lotsove anaandikwa Losove. Kwa sikio la jirani hakuna shida, wote tunajua anasemwa nani. Kwa kompyuta hao ni watu wawili tofauti. Yenyewe inalinganisha herufi kwa herufi. Haijui ukoo wako, haijui kijiji chako, haijui kwamba ulikimbia usiku na kadi ya mpiga kura ikabaki ndani ya nyumba iliyochomwa.

Matokeo yake mnayajua kuliko mimi. Siku ya kugawa, mama anafika tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Anataja jina lake. Wanatafuta. Wanamwambia: mama, jina lako halipo. Anasema: niliandikishwa, hata nilikaa mbele ya yule kijana mwenye kompyuta. Wanamwambia: rudi, tutaangalia. Anarudi bila jetoni, na mfuko wake wa unga unabaki ukimngoja mtu ambaye hayupo duniani, mtu aliyezaliwa kwa kosa la herufi moja.

Sisemi mwandikishaji ni mtu mbaya. Kijana huyo amekaa tangu asubuhi, watu mia wamepanga mstari, mvua inapiga bashi, watoto wanalia, na lugha ya yule mama si lugha yake. Anaandika alichosikia. Lakini tazameni jambo hili: mtu pekee ambaye angeweza kusahihisha kosa hilo kwa sekunde moja amekaa mbele yake, umbali wa mita moja. Na mtu huyo anaonyeshwa mgongo wa kioo. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Sokoni hatukubali

Nendeni sokoni. Mama anayeuza maharagwe anajaza gigozi mbele ya macho yako, na akijaribu kuijaza nyuma ya mgongo wake utaondoka. Muuza nyama anaweka mizani mahali unapoiona. Kwenye stesheni ya mafuta, mashine inaonyesha lita na franga kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Hata kadafi, yule kijana anayeuza mafuta kando ya barabara, anakuonyesha chupa kabla hajaimimina ndani ya pikipiki yako.

Kwa lita moja ya mafuta tunadai kuona. Kwa jina letu, ambalo chakula, dawa na bashi ya familia nzima vinalitegemea, tunakubali kutoona. Nani alitufundisha hivyo?

Na si suala la adabu tu. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali, ile amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Ndani yake kuna sehemu inayolinda habari binafsi za watu, na inampa mwenye habari haki ya kuzijua na kudai zisahihishwe. Sasa, utasahihishaje kitu ambacho hujawahi kuonyeshwa?

Kugeuza kioo hakutoshi

Hapa wengine watasema: basi ni rahisi, chomeka ekra ya pili, igeuze, kazi imekwisha. Hapana. Ndugu zangu, hapa ndipo pa kuwa waangalifu, kwa sababu kufanya jambo hili vibaya ni hatari kuliko kutolifanya.

Kompyuta yenye ekra mbili ina njia mbili kuu za kuzitumia. Kwenye Windows, tangu Windows 7 ya mwaka 2009, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, na chaguo zinatokea. Kompyuta zetu nyingi zinasema Kifaransa, kwa hiyo mtaona maneno mawili: «Dupliquer» na «Étendre». La kwanza linafanya ekra zote mbili zionyeshe kitu kilekile, kama kioo cha kujitazama. La pili linaunganisha ekra mbili ziwe uwanja mmoja mpana: upande huu kitu kimoja, upande ule kitu kingine.

Wavivu watachagua la kwanza. Ninawaomba msilichague. Ukiweka «Dupliquer» na kugeuza ekra kwa raia, kila anachofungua mwandikishaji raia anakiona: listi nzima, majina ya jirani, kijiji alichotoka, namba ya simu, idadi ya watoto, pengine na habari za ugonjwa. Katika jimbo letu la Ituri tunajua maana yake. Kuna watu waliokimbia Djugu na Irumu ambao hawataki ijulikane wamelala wapi. Kuna wanawake ambao habari zao hazipaswi kusomwa na yeyote. Listi inayoonekana na kila mpita njia si uwazi. Ni hatari ya maisha.

Kwa hiyo ni «Étendre». Listi inabaki upande wa mwandikishaji. Upande wa raia inakwenda fishi moja tu, fishi yake mwenyewe: majina yake matatu, umri, watu wa nyumbani mwake, basi. Akishasema «ndiyo, ndivyo linavyoandikwa», fishi inafungwa, na mwingine anakaa.

Madirisha yanayotembea

Sasa kwa nini ninazungumzia programu ndogo? Kwa sababu kompyuta ikiachwa yenyewe haishiki mpango huo vizuri.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi. Kompyuta inahesabu nukta. Ekra ya kwanza ikiwa na upana wa nukta 1366, kwake yeye ekra ya pili inaanzia pale ya kwanza ilipoishia. Kila dirisha lina mahali pake katika hesabu hiyo. Sasa umeme unakatika, na sisi tunajua umeme wetu. Ekra ya nje inazimika, laptopu inaendelea na batri yake. Mashine inaona uwanja umepungua, inarundika madirisha yote kwenye ekra iliyobaki. Umeme ukirudi, madirisha hayarudi sikuzote yalipokuwa. Na programu nyingi zinafunguka pale zilipofungwa mara ya mwisho. Ndivyo listi nzima inavyoweza kujitokeza upande wa raia, bila mtu kutaka. Ongeza mshale wa kipanya unaovuka mpaka na kupotelea upande mwingine, mwandikishaji anautafuta, mstari unangoja, na mwishowe anasema: hii ekra ya pili ni taabu, iondoeni.

Taabu hiyo ina dawa, na dawa yenyewe ni ya bure. Kuna programu inayoitwa Dual Monitor Tools. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Inakupa vitufe vya kuhamisha dirisha kutoka ekra moja hadi nyingine. Inaweza kufungua programu mahali ulipopachagua. Na inaweza kuufunga mshale wa kipanya usivuke upande wa raia, au kuuwekea ugumu kidogo mpakani ili usivuke kwa bahati mbaya. Kuna nyingine, MultiMonitorTool, ya mtu anayeitwa Nir Sofer, kwenye tovuti yake ya NirSoft. Hiyo inahifadhi mpangilio wa ekra zako katika faili; mambo yakiharibika, unaurudisha. Haidai hata kuwekwa ndani ya mashine, unaweza kuitumia kutoka kwenye fleshi. Uzito wake haufiki mega moja. Mega moja! Picha moja unayoipiga kwa simu mara nyingi inashinda hapo.

Microsoft wenyewe wana kifurushi chao cha bure, PowerToys, ambacho ndani yake mna chombo cha kugawa ekra katika vyumba. Ni kizuri, lakini kukipakua kunakula mamia ya mega, na mega zetu tunazinunua kwa jasho. Ndiyo maana ninasifu zile ndogo.

Na hata bila programu yoyote, kila mwandikishaji ajue vitufe hivi: Windows, Maj na mshale wa kulia au wa kushoto, vyote pamoja. Dirisha linaruka ekra ya pili. Linafaa hata pale dirisha lilipopotea nje ya kioo na watu wanadhani kazi imefutika.

Onyo moja: programu hizi zichukuliwe kwenye tovuti za wenyewe, si kwa fleshi ya rafiki wa rafiki iliyopita katika sekretaria kumi za kupigisha karatasi. Virusi navyo ni vya bure.

Visingizio ninavyovijua

Nimeuliza ofisi kadhaa kwa nini hawafanyi hivi. Majibu yanafanana.

Wa kwanza wanasema: ekra mbili ni mambo ya benki na ya wazungu. Si kweli. Macintosh II ya mwaka 1987 ilikubali ekra zaidi ya moja. Windows inakubali tangu Windows 98. Na ekra za zamani, zile za waya wa VGA wenye sindano 15, zimelala ndani ya depo za ofisi zetu zikifunikwa na vumbi. Mashine mpya isiyo na tundu la VGA inahitaji kiunganishi kidogo tu. Aliye na ekra tatu mezani kwake asiniambie hana ya kumgeuzia raia. Atoe moja.

Wa pili wanasema: umeme. Hilo ni neno la kweli, ninaliheshimu. Ekra bapa ndogo ya inchi 19 inakula wati 20 hivi. Ikiwaka saa nane kwa siku, ni wati-saa 160. Batri ya volti 12 yenye uwezo wa 100 ina wati-saa 1200, na anayetaka batri yake idumu haitumii zaidi ya nusu. Kwa hiyo ekra hiyo inachukua zaidi ya robo ya umeme unaoweza kuutumia bila kuua batri. Si kidogo. Lakini haihitaji kuwaka saa nane. Iwashwe pale raia anapokaa na fishi inapofunguliwa. Na nisikilizeni: ofisi inayowasha televisheni kutwa nzima ili wageni watazame mpira haina haki ya kunihesabia wati 20.

Wa tatu wanasema: kazi itachelewa. Kusoma jina lako kunachukua sekunde kumi. Kusahihisha jina lililokosewa kunachukua barua, sahihi ya rais wa wahami, safari mbili za pikipiki, na mwezi mmoja bila chakula. Nani anachelewesha kazi?

Wa nne wanasema: hao mama hawajui kusoma, mtawaonyesha nini? Neno hili linaniuma, kwa sababu linasemwa na watu waliosomeshwa na mama wasiojua kusoma. Kwanza, wengi wanasoma. Pili, asiyesoma huja na mtoto anayesoma. Tatu, wengi wasiojua kusoma kitabu wanalijua umbo la jina lao, wameliona kwenye kadi. Na kwa yule asiyeweza kabisa, mwandikishaji atamke herufi moja moja kwa sauti. Kioo hakiondoi mdomo.

Wa tano wanasema: siku hizi tunaandikisha kwa tableti. Vizuri sana! Basi hamna hata kisingizio cha waya. Mpe mama tableti mkononi, fishi yake ikiwa wazi, asome, akurudishie.

Na sisi wa redio

Mtasema: mwanahabari anahukumu ofisi za wengine, na kwake je? Swali ni la haki. Redioni tunapokea kila siku matangazo ya watu waliopotezana njiani: mtoto fulani, wa miaka fulani, mara ya mwisho alionekana mahali fulani. Tangazo la namna hiyo likiwa na jina lililokosewa linapita hewani bure, hata kama lilisomwa mara tano.

Kwenye meza yetu kuna laptopu moja na ekra moja ya zamani. Laptopu ina Audacity, ile programu ya bure ya kukata na kupanga sauti, na kazi nyingine zote. Ekra ya zamani inamtazama mgeni, na juu yake hakuna kitu ila tangazo lake, kwa herufi kubwa. Haliingii studio kabla mwenyewe hajasema ndiyo. Wageni wanasahihisha. Si jina tu: wanasahihisha kijiji, rangi ya shati, alama ya kovu. Baba mmoja alikaa akasoma, akasema: «Andika pia anaitika kwa jina la utani, kwa sababu hilo la shule halijui bado.» Jambo hilo lisingejulikana kama kioo kingekuwa kimempa mgongo.

Wenye kudai na wenye kudaiwa

Sasa nifunge kwa maneno ya wazi, kila mtu na lake.

Wakuu wa ofisi na mashirika ya kiutu: kila meza ya kuandikisha iwe na ekra inayomtazama raia. Iwe kwa njia ya «Étendre», si «Dupliquer». Programu ndogo ya kushika mpangilio iwekwe, na mwandikishaji afundishwe nusu saa kabla ya kutumwa, si baada ya malalamiko. Mwisho wa siku ekra izimwe na listi ifungwe.

Wafadhili: mnapenda kuleta mashine mpya zenye alama za mradi wenu. Asante. Lakini mradi unaoleta ekra tatu na hauleti nusu saa ya mafunzo umeleta mapambo. Ulizeni swali moja katika ripoti zenu: mtu aliyeandikishwa aliona jina lake kabla halijahifadhiwa, ndiyo au hapana?

Vijana mliosoma kompyuta hapa mjini: hii ni kazi yenu. Msingoje tangazo la ajira. Nendeni na fleshi safi kwa ofisi ya mtaa wenu, wapangieni ekra zao, waonyesheni vitufe vitatu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Nanyi familia za wahami, mliopo Kigonze, mliopokelewa katika nyumba za watu, na mnaotusikiliza mkiwa mbali: siku mtakayoandikishwa tena, kabla hamjaondoka kwenye kiti, semeni maneno haya kwa heshima na kwa sauti: «Naomba nione jina langu.» Wakiwaambia haiwezekani, ulizeni ni kwa nini. Wakiwaonyesha listi nzima ya watu, kataeni pia, waambieni: mimi ninataka la kwangu tu. Shikeni karatasi moja yenye majina yenu matatu yaliyoandikwa jinsi mnavyotaka, na muwape watoto wenu wakubwa nakala.

Vita imetunyang'anya mashamba, nyumba na ng'ombe. Jina lilibaki, tulikuja nalo kichwani. Lisipotelee mezani, mbele ya macho yetu, kwa sababu tu kioo kimegeukia upande mwingine.